Nimeacha baiskeli ili nisome Kijerumani, sasa maneno hayakai

Mwanangu mshauri,

Asalaam aleikum, na pole kwa kazi ya kusoma shida za watu. Mimi ni mzee wa miaka 67, mkazi wa Tanga mjini. Nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa ukarani kwenye shamba la mkonge, mahesabu na mishahara ya wakataji, kwa hiyo kichwa changu kimezoea kutunza mambo. Ndiyo maana hili linaniuma.

Kijana wangu wa pili anaishi Ujerumani. Ameoa huko na Mungu amemjalia watoto wawili, mkubwa ana miaka saba. Walipokuja likizo niligundua kwamba mimi na wajukuu zangu hatuna lugha. Kiswahili hawakufundishwa, wanajua "babu" na "asante" basi. Kiingereza changu ni cha ofisini, chao ni cha katuni. Mkubwa alinifuata barazani akanisimulia jambo refu kwa mikono na macho, nikaishia kutikisa kichwa na kumpa embe. Walipoondoka nikajiapia kwamba safari ijayo, ambayo inshallah mimi ndiye nitakayekwenda kwao, nitazungumza nao.

Nikanunua kitabu. Kijana akaniwekea programu ya Kijerumani kwenye simu. Nikapata na mwalimu, barobaro aliyewahi kusoma huko, ambaye ananifundisha asubuhi na mapema kabla hajaenda kwenye shughuli zake. Hapo ndipo baiskeli ilipokufa. Kama unaijua Tanga, unajua kwamba baiskeli kwetu ni miguu. Baada ya swala ya alfajiri nilikuwa natoka Chumbageni, naelekea Raskazone, nazunguka kule baharini, narudi na jasho na hamu ya chai. Ndiyo desturi yangu tangu nistaafu. Sasa saa hiyo ni ya somo, na jioni niko mezani na daftari. Baiskeli imeegemezwa ukutani, kuku anaatamia kwenye kapu lake la mbele.

Mwanzoni maneno yaliingia. Siku hizi nakariri usiku, asubuhi mwalimu akiniuliza nabaki kutoa macho. Neno nalijua, nalisikia linazunguka kichwani, halishuki mdomoni. Hizo der, die, das zinazotangulia majina ya vitu ndiyo usiseme. Usingizi nao umeharibika, na mara ya mwisho kliniki waliniambia presha imepanda ingawa vidonge nameza.

Wenzangu wa kahawa wameshanihukumu. Wamenisomea "samaki mkunje angali mbichi", wakacheka, mazungumzo yakaendelea. Mama watoto anasema nisome zaidi, nipunguze baraza. Mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa michezo, anasema kosa ni kuacha baiskeli. Amenitumia ujumbe unaozunguka WhatsApp kwamba wanasayansi wa Ujerumani wenyewe wamethibitisha: mtu akikimbia dakika tatu kabla ya kusoma, anashika maneno kwa asilimia 20 haraka zaidi. Anataka nikimbie. Kwa magoti gani?

Naomba uniambie ukweli. Mwili una habari gani na Kijerumani? Nikirudi kwenye baiskeli nitapoteza saa za kusoma, na umri wangu ni wa kuhesabu saa. Na kama yapo manufaa, nifanye mazoezi kabla ya somo, baada ya somo, au nivae vile vya masikioni nisikilize Kijerumani huku napiga pedali?

Mzee wa Chumbageni, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu.

Mtoe kuku kwenye kapu, upande baiskeli. Mwalimu mhamishe saa, baiskeli ibaki na alfajiri yake. Nimelisema mapema ili nisikuzungushe, lakini nina deni la kukueleza kwa nini, maana ujumbe wa mpwa wako una ukweli ndani yake uliochakachuliwa, na sitaki uupokee wote wala uutupe wote.

Utafiti anaousema upo. Ulifanyika Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, ukachapishwa mwaka 2007. Watu walipewa maneno mapya ya kubuni wayajifunze katika hali tatu tofauti: baada ya kukimbia kwa kasi kubwa mara mbili, dakika tatu kila mara, baada ya kukimbia polepole kwa muda mrefu, na baada ya kukaa tu. Waliotoka kwenye mbio za kasi walijifunza kwa asilimia 20 haraka zaidi. Hadi hapo WhatsApp haikudanganya. Kilichoachwa njiani ni kwamba washiriki walikuwa 27, wote vijana wa kiume, wote wanamichezo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na miaka 67, presha na magoti yanayolia kwenye ngazi. Kuchukua dawa ya barobaro na kumnywesha babu yake ni hatari, na mpwa wako kama mwalimu wa michezo anapaswa kulijua hilo kuliko mimi. Usikimbie mbio za kasi. Hilo limekwisha.

Upo mwingine unaofanana zaidi na mambo yako, kwa kuwa una baiskeli ndani yake. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya wanafunzi 40 wa chuo nchini China waliokuwa wakijifunza maneno ya Kiingereza. Nusu walijifunza wakiwa wamekaa. Nusu nyingine waliendesha baiskeli isiyokwenda, ile ya mazoezi ya ndani, kwa mwendo wa wastani, wakianza kabla ya somo na kuendelea wakati wa somo. Waliopiga pedali walikumbuka maneno vizuri zaidi, na hata kuitambua sentensi iliyo sawa na isiyo sawa waliwashinda wenzao. Walipopimwa tena mwezi mmoja baadaye, bado walikuwa mbele. Unaona nasema wanafunzi wa chuo? Hili la vijana litajirudia. Habari nyingi za mazoezi na lugha zinazosambazwa zimetokana na watu wa miaka ishirini na kitu, kwa sababu hao ndio wanaopatikana kirahisi kwenye vyuo ambako watafiti wanafanya kazi.

Basi wazee wana nini? Wanacho, tena kizito. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Marekani walichapisha kazi waliyoifanya na watu 120 wenye umri kati ya miaka 55 na 80, watu wazima waliokuwa wakikaa tu bila mazoezi. Waligawanywa mafungu mawili bila kuchagua. Fungu moja lilitembea kwa kasi dakika 40, siku tatu kwa wiki. Fungu la pili lilinyoosha viungo na kufanya mazoezi mepesi ya misuli. Baada ya mwaka mmoja walipigwa picha za ubongo. Kuna sehemu ndani ya ubongo inaitwa hipokampasi, ipo kulia na kushoto, na kila neno jipya la Kijerumani linapita hapo kabla halijapata makao ya kudumu. Kwa mtu mzima sehemu hiyo husinyaa kidogo kidogo kila mwaka. Kwa wale wa kunyoosha viungo ilisinyaa kwa karibu asilimia 1.4, kama ilivyotarajiwa. Kwa watembeaji iliongezeka kwa asilimia 2 hivi. Yaani kutembea, kule kwa kawaida kabisa ambako hakuna kiingilio, kulirudisha nyuma mwaka mmoja au miwili ya kusinyaa.

Lakini mzee wangu, wewe ni mtu wa mahesabu, kwa hiyo nakuonyesha na safu ya pili ya daftari. Katika utafiti uleule, mafungu yote mawili yalifanya vizuri zaidi kwenye jaribio la kumbukumbu mwishoni kuliko mwanzoni. Kati ya watembeaji, ambaye hipokampasi yake iliongezeka zaidi ndiye kumbukumbu yake ilipanda zaidi, na huo ni ushahidi wa maana. Hata hivyo huwezi kusema waliotembea waliwaacha wenzao mbali. Na jaribio lenyewe lilihusu kukumbuka alama zilipokuwa kwenye kioo cha kompyuta, wala halikuhusu lugha. Mtu akikuahidi kwamba kilomita kadhaa za baiskeli zitakupa maneno kadhaa ya Kijerumani, anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Baiskeli inatengeneza shamba. Mbegu utapanda mwenyewe, kwa daftari na kwa mdomo.

Shamba hilo linatengenezwaje? Njia moja ni damu. Moyo ukizoea kusukuma vizuri na mishipa ikilainika, ubongo unapata hewa na sukari yake kwa wakati. Njia nyingine ni kemikali: mwili ukichangamka unatoa protini moja inayojulikana kwa herufi BDNF, ambayo kazi yake ni kuzilea seli za ubongo na kusaidia viungo kati ya seli na seli kukaza. Neno jipya ni viungo hivyo vinavyokaza. Na njia ya tatu, ambayo kwako naiona kubwa kuliko zote, ni usingizi na presha.

Angalia ulichoniandikia mwenyewe. Ulipoacha baiskeli, usingizi uliharibika, presha ikapanda, maneno yakaanza kupotea. Sisemi moja ndilo lililozaa mengine yote, huenda kuna jambo jingine na daktari wako ndiye wa kulichunguza. Lakini mambo haya matatu yanajuana. Maneno uliyokariri usiku yanapangwa na kukazwa wakati umelala. Usipolala vizuri, asubuhi mwalimu anakuta rafu tupu. Mazoezi ya mchana ni mojawapo ya vitu vinavyomsaidia mtu mzima kulala. Na presha isiyotulizwa inaharibu mishipa midogo ya ubongo taratibu, bila maumivu. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilipotoa orodha yake ya mwaka 2024 ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya ubongo kuchakaa uzeeni, presha ilikuwemo, kukaa bila mazoezi kulikuwemo, na usikivu kupungua ulikuwemo. Hilo la usikivu nitalirudia, maana nalishuku.

Sasa nije kwenye neno linalozunguka kichwani na kukataa kushuka. Hili halijakupata wewe peke yako wala si dalili ya mti kukauka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliwakusanya vijana na wazee, wakawapa maelezo ya maneno yasiyotumika sana na ya watu mashuhuri, wakawataka wataje jina. Walihesabu mara ambazo mtu anasema "nalijua, liko kwenye ncha ya ulimi". Wazee walikwama zaidi ya vijana, na hiyo haishangazi. Kisha wakapima pumzi za wale wazee kwenye baiskeli isiyokwenda. Kadiri mzee alivyokuwa na pumzi nzuri, ndivyo alivyokwama mara chache. Na walikuwa wanatafuta maneno ya Kiingereza, lugha waliyozaliwa nayo! Kwa hiyo wenzako wa kahawa wanaokucheka, wao wenyewe wakitafuta jina la yule mchezaji wa zamani wa Coastal Union na kuishia "yule bwana, yule, jina lake nani", wako kwenye mashua hiyohiyo.

Ninachokipenda katika kazi hiyo ni kwamba inaonyesha maana haipotei. Mzee hakuwa na maneno pungufu, alikuwa na maana yote mkononi, ila sauti ya neno ndiyo iliyochelewa kuitika. Lakini tahadhari: huo ulikuwa ulinganisho wa watu kwa siku moja, mwenye pumzi na asiye na pumzi. Pengine mwenye pumzi ana mengine yanayomsaidia. Mimi nauchukua kama sababu nyingine ya kutoacha baiskeli, nauweka pembeni, naendelea.

Kuhusu saa. Unauliza kabla, baada, au katikati. Wale wa China walianza kabla na wakaendelea katikati. Kuna wengine wa Nijmegen, Uholanzi, waliochapisha mwaka 2016, waliowafundisha watu 72 mahali pa picha kwenye kioo, kisha wengine wakapiga baiskeli papo hapo, wengine saa nne baadaye, wengine hawakupiga kabisa. Siku mbili baadaye, waliongoja saa nne ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Waliopiga baiskeli papo hapo hawakuwa na nafuu yoyote kuliko waliokaa. Ukisoma hao utasema baada, ukisoma wale utasema kabla. Ushauri wangu ni kwamba usiifanye saa kuwa fumbo. Mtu wa umri wako anafaidika na kile atakachokifanya wiki hii, na wiki ijayo, na mwezi wa Ramadhani atakiwekea utaratibu mwingine. Alfajiri imekukaa. Panda baada ya swala, rudi, oga, kunywa chai, ndipo mwalimu aje. Kama barobaro hawezi saa hiyo, mpe jioni, au Jumamosi na Jumapili. Mwalimu anayelipwa huhamishika.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kwa aliyefika miaka 65 linaongeza mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili kuzuia kuanguka. Usawa wa mwili ni kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika mlango, kutembea kisigino kwa kidole, kuinuka kwenye kiti bila kujishikilia. Wazee wengi wa baiskeli wanalisahau hilo, halafu wanaanguka bafuni. Wastani nao unaupima hivi: ukiwa juu ya baiskeli unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba kaswida. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuongea, punguza. Usihesabu mapigo ya moyo kama wanavyofundishwa vijana, kwa sababu baadhi ya vidonge vya presha hupunguza mapigo, na hesabu itakudanganya.

Umekaa muda bila kuendesha. Anza na mzunguko mfupi wa Chumbageni tu, Raskazone itakungoja. Kabla ya hapo pita kliniki, waambie presha ilipanda na unataka kurudi kwenye baiskeli, wapime, waone kama dawa inahitaji kubadilishwa. Usipunguze vidonge kwa kujiona una jasho. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukata kusiko kwa kawaida, shuka na uende hospitali, usisubiri baraza lijadili. Magoti mara nyingi huridhika na baiskeli kuliko kukimbia kwa kuwa uzito wako unabebwa na tandiko. Lipandishe tandiko kiasi kwamba pedali ikiwa chini kabisa goti libaki na mkunjo mdogo. Tandiko la chini ndilo linalolitesa goti. Na maji, mzee wangu. Joto la Tanga na vidonge vinavyokupeleka chooni ni mchanganyiko wa kukaukiwa.

Vya masikioni barabarani, hapana. Bajaji na bodaboda za Tanga hazijui kwamba unasoma. Ukitaka kuchanganya Kijerumani na mwendo, tembea kwa miguu jioni baada ya alasiri, mahali pasipo magari. Hapo sikiliza sauti, sitisha, sema kwa sauti yako. Watu wakikushangaa, wacha washangae. Ulipokuwa mdogo ukihifadhi juzuu ya Amma, nadhani hukukaa kama sanamu. Ulitikisika, ulitembea uani, ulisoma kwa sauti, na nadhani hadi leo haijatoka. Kukariri kimyakimya mezani usiku ndiko kugeni kwako.

Na hapo nije kwenye kusoma kwenyewe, maana nashuku tatizo lako lingine ni namna unavyokariri. Kusoma orodha tena na tena kunampa mtu raha ya kujiona anajua. Kinachokaza ni kulitafuta neno bila kuangalia. Funika upande wa Kijerumani, jiulize, shindwa kidogo, kisha fungua. Rudia kesho, rudia baada ya siku chache, rudia wiki ijayo. Chukua maneno machache kila siku na uyaweke ndani ya sentensi utakayomwambia mjukuu kweli: umekula nini, njoo tuangalie kuku, nani amekuchekesha shuleni. Hizo der, die, das uzisome zimeshikana na neno lake, usiziache zitembee peke yake. Na usiziogope. Umekulia kwenye lugha yenye ngeli kibao, unazitumia bila kufikiri. Mjerumani anayejifunza Kiswahili ndiye mwenye haki ya kulia.

Masikio. Umri huanza kuchukua sauti kali nyembamba kabla ya nzito, na hizo ndizo sauti za s, f, t, sh, ambazo Kijerumani kimejaa. Mtu anasema ich, anasema Fisch, anasema sechs, na wewe unasikia upepo. Neno ambalo halikuingia vizuri haliwezi kutoka vizuri, na hakuna baiskeli itakayolitibu hilo. Jiulize: unaongeza sauti ya televisheni kuliko mama watoto? Unawaelewa wanaume kuliko watoto wadogo? Sauti ya mtoto wa miaka saba ni nyembamba, na yeye ndiye unayemtaka. Siku utakayokwenda kwa ajili ya presha, ulizia pale Bombo wakupime usikivu. Wakati mwingine ni nta tu imejaa, inatolewa siku hiyohiyo.

Mama watoto anataka upunguze baraza. Namheshimu, ila hapa siko naye. Baraza ni mazungumzo, na mazungumzo ni chakula cha ubongo kama ilivyo baiskeli. Cha kupunguza ni ile saa ya usiku mezani inayokuletea macho makavu. Funga daftari baada ya isha, ulale.

Nina neno na mwanao pia, na kama unaona si adabu mimi kulisema, msomee tu kana kwamba limeandikwa kwa watu wote walio huko. Babu wa miaka 67 anavunja ulimi kwa ajili ya watoto wake, naye ameshindwa kuwapa watoto maneno matatu ya Kiswahili kwa siku? Kwa mtoto wa miaka saba lugha ya pili ya nyumbani haigharimu chochote zaidi ya baba kufungua mdomo. Apange simu ya video kila wiki, iwe fupi. Mkubwa akushike mkono kwa Kijerumani: akuonyeshe kiatu, ataje, wewe urudie, akucheke, akusahihishe. Kisha zamu yako, umwonyeshe embe, utaje, yeye arudie. Watoto wanapenda sana kumsahihisha mtu mzima. Hakuna programu ya simu itakayokupa mwalimu mwenye ari kama huyo, na matamshi atakayokurudishia ndiyo hasa utakayoyasikia ukifika.

Mpwa wako naye mpe kazi badala ya kumnunia. Hujaendesha kwa muda, kwa hiyo akague breki, ajaze upepo, apandishe tandiko, na wiki za mwanzo aendeshe pembeni yako. Ila mwambie mwendo ni wako.